Kodi Mbili

Mama mwenye nyumba wetu hapa Kikuyu siku hizi anajua kwamba nikisema nimeshinda ndani naandika kodi, sizungumzii kodi ya nyumba. Ilimchukua muda. Mwanzoni aliamini namtengenezea hesabu za wapangaji wenzangu, akafurahi, akaniletea bakuli la ubuyu. Sisi tunaosomea kompyuta tuna neno zuri kabisa la Kiswahili, msimbo, na tunaliandika kwenye tasnifu ili msimamizi asituchoree mstari mwekundu, lakini tukiwa mtaani tunasema kodi kama kila mtu. Basi chumbani kwangu kuna kodi mbili. Moja nailipa kila baada ya miezi sita. Nyingine inasemwa ni ya bure.

Hiyo ya bure ndiyo iliyonikosesha usingizi mwaka huu.

Kikuyu ninayoisema si ya Kenya. Ni upande huu wa Jiji la Dodoma kilipo Chuo Kikuu cha St. John's, kwenye majengo yaliyokuwa Shule ya Sekondari Mazengo. Mimi sisomi hapo, nasoma uzamili ng'ambo ya mji, ila vyumba vya huku nilivizoea na daladala zipo. Mwishoni mwa 2023, mwenzangu mmoja darasani na mimi tulianza kutengeneza mfumo mdogo wa chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu, nje kidogo ya mji. Mfumo wenyewe hauna maajabu. Mkulima analeta zabibu, karani anapima, anaingiza kilo kwenye simu, na kabla mkulima hajaondoka mzanini ujumbe unaingia kwenye kitochi chake: kilo ngapi, bei gani, jumla shilingi ngapi.

Lakini zabibu si mahindi. Mahindi unaweza kuyaweka ndani ukabishana na mnunuzi mwezi mzima. Zabibu iliyokatwa alfajiri, kesho yake jioni imeshaanza kutoa maji kwenye kreti, na mnunuzi analijua hilo kuliko wewe. Mtu asiyeweza kusubiri hawezi kubishana, na mtu asiyeweza kubishana anahitaji walau maandishi. Msimu wetu wa kwanza, Machi 2024, mzee mmoja alirudi ofisini na simu mkononi. Daftari lililonakiliwa jioni lilisema kilo 182, ujumbe wake ulisema 212. Karani akaitazama simu, akalitazama daftari, akachukua kalamu akasahihisha bila neno. Kilo thelathini. Tangu siku ile sikuwahi tena kuuita ule mfumo "projekti ya chuo".

Mwezi huohuo, Redis ikabadili leseni.

Redis ni programu inayoshika taarifa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kwa hiyo ina kasi ya ajabu. Sisi tuliitumia kama foleni. Mtandao wa simu kule shambani huja na kuondoka kama paka wa jirani. Ujumbe mia mbili ukizaliwa kwa mkupuo, unapanga mstari ndani ya Redis hadi mtandao urudi. Ilianzishwa mwaka 2009 na Mwitaliano Salvatore Sanfilippo, akaitoa kwa leseni ya BSD, ambayo ukiisoma yote kwa sauti haikumalizii hata dakika mbili: tumia, badili, uza ukitaka, ilimradi uache jina la mwenyewe na usimdai ikiharibika. Tarehe 20 Machi 2024 kampuni inayoisimamia ilitangaza kwamba kuanzia toleo la 7.4 leseni hiyo imekoma. Badala yake ukachague mojawapo kati ya mbili, RSALv2 au SSPLv1, zote zikilenga kumzuia mtu kuichukua Redis na kuikodisha kwa wengine kama huduma yake.

Sababu yao si ya kudharau. Makampuni makubwa yanayokodisha kompyuta yalikuwa yakiiuza huduma ya Redis na kupata fedha nyingi kuliko wanaoitunza. MongoDB walilalamika hivyohivyo mwaka 2018, wakaiandika hiyo SSPL wenyewe. Elasticsearch wakafuata 2021, Terraform 2023. Upande wa ramani, Mapbox waliifunga programu yao ya kuchorea ramani Desemba 2020. Nikiwa upande wa wakulima ninaowaandikia mfumo, hoja ya mtu kulalamika kwamba mwenye mzani ananufaika kuliko mwenye shamba siwezi kuicheka. Ila mimi na mwenzangu hatukuwa wenye mzani. Tulikuwa wapita njia ambao ukuta umejengwa katikati ya kijia chao.

Jambo la kwanza ambalo watu hulikosea katika habari hizi ni kudhani leseni mpya inarudi nyuma. Hili nililieleza kwa urahisi kuliko nilivyotegemea, tena kwa mama mwenye nyumba, Januari mwaka huu. Alikuja kutuambia chumba kinapanda kutoka elfu hamsini hadi sitini kwa mwezi. Mpangaji wa chumba cha pili akaruka: "Mama shikamoo, lakini mimi nimelipa mpaka Juni!"

"Marahaba mwanangu. Uliyelipa umelipa. Sitini ni kwa mkataba mpya."

"Na bomba, mama? Linavuja tangu Krismasi."

"Bomba nitatengeneza na mkataba mpya."

Nikajikuta nacheka peke yangu, na sikuweza kuwaeleza kwa nini. Ndivyo hasa ilivyo. Redis ya 7.2, iliyotolewa kwa BSD, itabaki ya BSD hadi kiama. Hakuna wa kukunyang'anya ulichokwisha kupewa. Lakini mambo mapya yanakwenda kwa wenye mkataba mpya, na matundu ya usalama ambayo wadukuzi hawaachi kuyatafuta hayatazibwa milele kwenye toleo la zamani. Unaweza kukaa kwenye toleo la zamani kwa kodi ya zamani. Maji yatavuja tu.

Wapo waliokataa kukaa na kuvujiwa. Ndani ya siku nane tu, baadhi ya watu waliokuwa wakiitunza Redis waliichukua ile ya mwisho ya BSD, wakaipandikiza upya chini ya Linux Foundation kwa jina la Valkey. Ramani nayo ilikuwa imefanyiwa hivyo kabla, ikaitwa MapLibre, na ndiyo inayochora mashamba katika mfumo wetu. Kuhamia Valkey kulituchukua jioni moja, pamoja na umeme kukatika. Kwa nje zilikuwa bado pacha. Ulibadili jina na anwani, foleni ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mei 2025 Redis wakarudisha leseni inayotambulika kuwa huria, AGPL, kama chaguo la tatu katika toleo la 8. Tulisoma habari hiyo kwa adabu tukaendelea na kazi zetu.

Kama mambo yangeishia hapo nisingekuwa na la kuandika. Programu kama Redis inakaa pembeni, inajitegemea, unaweza kuing'oa na kuweka nyingine. Shida ni vile vipande vidogo vinavyoingia ndani ya mfumo wenyewe, vikachanganyika na msimbo wako kama chumvi na unga. Hivyo tunaviita vitegemezi. Hukuvichagua vyote: ulichagua kumi, kila kimoja kikaja na jamaa zake, jamaa nao wakaja na watoto. Nilipouambia mfumo wetu unitajie vitegemezi vyake vyote, orodha ilipita elfu moja. Elfu moja, kwa mfumo wa kupima zabibu!

Kila kimoja kina leseni, na leseni hazipatani zote. Mtu anaweza kukupa mbuzi kwa sharti kwamba nyama ikipikwa, kila anayepita mlangoni aonjeshwe. Mwingine akakupa mchele kwa sharti kwamba jirani fulani asionje. Kila mmoja peke yake ni mkarimu, na mbuzi ni mbuzi, na mchele ni mchele. Pilau huwezi kupika. Kwa lugha ya leseni: GPL inataka mchanganyiko wote utoke kwa masharti yake bila kuongeza katazo lolote, kwa hiyo ukiuchanganya na kitu chenye katazo, huna namna ya kuwatii wote wawili. Na wakati mwingine hata ndugu hawapatani. Kitu chenye leseni ya Apache 2.0 kinaweza kuunganishwa na cha GPL toleo la 3, lakini si na cha GPL toleo la 2 peke yake, ingawa zote tatu ni huria na zote zimeandikwa na watu wenye nia njema.

Machi 2021 dunia ya Ruby on Rails iliamshwa na kitegemezi kimoja kiitwacho mimemagic, kazi yake kutambua aina ya faili tu, kama ni picha au waraka. Kilijitangaza kuwa cha leseni ya MIT, ambayo ni pole kama BSD, kumbe ndani yake kilibeba faili lililotoka kwenye mradi wa GPL. Mwenye mimemagic alipoambiwa, alikibadili kiwe GPL na kuyaondoa sokoni matoleo ya zamani. Rails yenyewe ilikitegemea, na Rails ni MIT. Watu walioamka asubuhi kuweka mifumo yao mipya wakakuta haisimami, kwa sababu kitu kimoja kisichojulikana hata jina, ngazi tatu chini, kimebadili sharti. Ikabidi Rails itoe matoleo mapya siku chache baadaye.

Haya nilikuwa nayajua kwa kuyasoma. Mwanzoni mwa 2025 yakatufikia mlangoni. Taasisi moja, sitaitaja, iliuona mfumo wetu na kutaka kuuendesha kwa vyama vingi vya ushirika kwa pamoja. Fedha waliyoitaja ingemaliza ada yangu na ya mwenzangu, na ikabaki. Rasimu ya mkataba ilikuwa na kurasa kumi na nne. Kifungu kimoja kilisema msimbo wote, "bila kubakiza", utakuwa mali ya taasisi. Kingine kilitutaka tuahidi kwamba hakuna haki ya mtu mwingine yeyote ndani yake.

Nilimpigia mwenzangu. Tukakutana kwenye kibanda cha chipsi, yeye akiwa ameshakubali moyoni.

"Saini," aliniambia. "Nani atatoka huko aje Dodoma kukagua kifurushi kimojakimoja? Hizi leseni ni mambo ya Wazungu wanaogombana wenyewe."

Simlaumu. Baba yake anauguzwa, na fedha ile aliihitaji kuliko mimi. Lakini leseni si za Wazungu. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inailinda programu ya kompyuta kama kazi ya maandishi, sawasawa na riwaya. Ukiondoa leseni hubaki na uhuru, unabaki na sheria, na sheria inasema huna ruhusa. Na kusaini kwamba unauza kitu ambacho vipande vyake zaidi ya elfu moja vina wenyewe, hilo babu yangu angelielewa bila kuambiwa habari za kompyuta.

Tena Kiswahili chenyewe kimeshapita katika njia hii. Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux, wakishirikiana na kampuni ya Sweden iitwayo IT+46, walitoa Jambo OpenOffice: programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, huria, watu wakaweza kuandika barua kwenye kompyuta inayowasemesha kwa lugha yao. Wakati huo OpenOffice ilikuwa na leseni mbili kwa pamoja, LGPL na nyingine ya kampuni ya Sun. Haukupita mwaka, Septemba 2005, Sun wakaiondoa ile yao. Mwaka 2010 Oracle wakainunua Sun. Septemba hiyohiyo sehemu kubwa ya waliokuwa wakijitolea wakaondoka na kuanzisha LibreOffice. Juni 2011 Oracle wakaukabidhi msimbo wa OpenOffice kwa Apache Software Foundation, ukavaa leseni ya Apache. Oracle waliweza kufanya hivyo bila kuzunguka dunia wakiomba saini, kwa kuwa waliochangia walikuwa wametakiwa kusaini waraka wa kushirikiana hakimiliki na Sun. Tangu hapo kuna barabara ya njia moja: LibreOffice wanaweza kuchota kutoka kwa Apache, Apache hawawezi kuchota kutoka LibreOffice, kwa sababu leseni ya upande mmoja inaingia ndani ya mwenzake na ya pili haiingii.

Nilikuwa darasa la chini kabisa mambo hayo yakitokea. Lakini ninapofikiria wale waliokaa Dar es Salaam wakibishana "file" iwe faili au jalada, neno baada ya neno, maelfu ya maneno, huku nyumba nzima waliyokuwa wakiipaka rangi ikibadilishwa hati mara tatu na watu ambao hawakuwahi kuwaona, naacha kuamini kwamba hizi ni habari za mbali.

Kwa hiyo nimeanza kuuliza swali tofauti na lile tulilofundishwa. Darasani tunaulizwa leseni ya kitu ni ipi. Mimi nauliza nani anaweza kuibadili. Kiini cha Linux kiko chini ya GPL toleo la 2 tangu miaka ya tisini, na hata Linus Torvalds mwenyewe hawezi kukihamisha kwa uamuzi wake, kwa sababu hakimiliki yake imetawanyika kwa maelfu ya watu, wengine wameshakufa. Redis ilikuwa na wachangiaji wengi pia, ila BSD inamruhusu yeyote kuichukua kazi na kuifungia ndani ya masharti mengine. Mlango uleule ndio uliowatoa Valkey salama. Sijui kama nauita mlango mzuri au mbaya.

Tulikubaliana na mwenzangu kwamba hatusaini rasimu ile, bali tunapeleka yetu. Hapo tukagombana kuhusu leseni ya msimbo wetu wenyewe. Yeye alitaka MIT, itakayompendeza kila mnunuzi. Mimi nilitaka AGPL, ambayo anayeubadili mfumo na kuuendesha mtandaoni lazima awape wanaoutumia msimbo wake. Hofu yangu haikuwa kuibiwa. Niliona siku ambayo mtu atauchukua mfumo, ataufunga, na kwa uamuzi wa kikao kimoja ataondoa ule ujumbe wa mkulima na kuacha taarifa za mnunuzi peke yake. Bado angeweza kuuondoa chini ya AGPL. Ila chama cha ushirika kingekuwa na haki ya kuuona msimbo, na kumtafuta kijana mwingine wa kuurudisha.

Alikubali, baada ya wiki mbili za kununiana. Ndipo nikaupitia ule utitiri wa leseni kwa usiku kumi na mmoja. Nyingi zilikuwa MIT na BSD na Apache, hazina neno. Moja ikagoma: kipande kidogo kinachozungumza na modemu ya kutumia ujumbe, leseni yake GPL toleo la 2 tu, bila yale maneno "au toleo la baadaye". AGPL ni ya toleo la 3. Havichanganyiki. Nilimwandikia mwenyewe, mtu ambaye sijui hata sura yake, nikamweleza habari za zabibu. Alijibu siku iliyofuata kwamba kwa upande wake ameridhia kuongeza maneno yale, ila watu wawili walichangia mistari humo miaka mingi iliyopita na idhini yao inahitajika. Mmoja alikubali. Wa pili anwani yake ilirudisha barua. Mistari yake ilikuwa kumi na tisa.

Tulikiandika kipande chote upya, bila kuchungulia cha kwanza. Siku sita.

Rasimu yetu ilikwenda na kiambatisho cha leseni zote. Tulisema: mtapata ruhusa ya kuuendesha, kuubadili na kuusambaza milele, hamtapata umiliki wa visivyo vyetu. Baada ya mwezi mwanasheria wao alijibu kwa barua fupi yenye heshima. Aliuliza, "MIT iliyotajwa mara 743 ni taasisi gani, na barua yake ya idhini tutaipata wapi?" Mwenzangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka sana; ni swali la mtu aliyesoma kiambatisho chote. Nikaketi nikaitafsiri leseni ya MIT kwa Kiswahili, aya kwa aya, na hakuna aya nyingi. Sehemu ngumu ilikuwa ya mwisho, ile inayosema programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana ya aina yoyote. Nilijua ataizungushia kalamu, na ameizungushia. Sasa anataka kujua, ikiwa hakuna hata mmoja kati ya watu elfu moja anayetoa dhamana, nani anatoa.

Hilo bado tunaandikiana. Wakati huo mavuno ya pili yalianza Agosti, na mfumo unaendelea kwenye kompyuta iliyotumika tuliyoinunua wenyewe, chini ya meza ya karani, imefunikwa kanga dhidi ya vumbi. Jana asubuhi nilikuwa pale. Mama mmoja alishusha kreti nne kutoka kwenye bodaboda, mzani ukatulia kwenye 96, karani akabonyeza. Mtandao haukuwepo. Ujumbe ukakaa kwenye foleni dakika saba, na yule mama naye akakaa, juu ya kreti tupu, simu mkononi, hakuondoka mpaka ilipolia.